Kufunga na Kukamata

Miye naitwa Éphraïm. Nilifundisha primaire hapa Butembo miaka makumi tatu na mbili, na mutu asiniambie ya kwamba sijue Kiswahili. Ni vile nilimujibu Précieux mwezi wa tatu, na ile majibu ilikuwa karibu kunipotezea mutoto. Acha nisimulie polepole, juu nikikumbuka hasira inanipanda tena, na safari hii ni hasira yangu kwangu mwenyewe.

Ebola ilikuwa imerudi upande wa Manguredjipa. Badaktari balileta dawa ya kutia mu mushipa, na karatasi ya kila mugonjwa kusoma na kutia sinyatire, jina yake chini, mbele ya kuipata. Karatasi ilikuwa mu Kifaransa. Précieux, mwenye kupima damu kwa laboratoire ya Beni, alikuwaka mwanafunzi yangu, basi alinipigia simu: Mwalimu, utuwekee hii mu Kiswahili ya batu ya hapa.

Ndani ya karatasi balikuwa banaeleza kazi ya dawa. Iko na bitu bidogo sana, jicho haiwezi kubiona, banaita anticorps. Binaingia mu damu, binatafuta kirusi, binamubamba, na kirusi hawezi tena kuingia mu nyama ya mwili. Kifaransa ilisema ya kwamba bile bitu «se lient». Miye nikaandika: «Dawa itaingia ndani ya mwili yako, na itafunga.»

Précieux alisoma, akakuna kichwa. «Mwalimu, kama tungeandika itakamata?»

«Kukamata ni neno ya soko,» nikamujibu. «Kamata ndizi, kamata chenji. Lier ni kufunga. Nani alikufundisha Kifaransa, si miye?»

Akachukua karatasi vile vile juu ya heshima. Heshima ingine inaletaka balaa. Hata bibi yangu Berthe, mama ya batoto yangu, alisoma nyuma ya bega yangu, akauliza: «Itafunga nini? Mulango?» Nikamuambia aangalie maharagi yake isiungue.

Sasa musikie. Huku kwetu, mwanamuke akikawia kuzaa, batu hawasemi ni mugonjwa. Banasema balimufunga, ni kusema kuko mutu alifunga kizazi yake na dawa ya kienyeji. Ile maneno nilikuwa naijua, kila mutu wa hapa anaijua tangu utoto. Mais siku ya kuandika kichwa yangu ilikuwa mu Kifaransa, na Kifaransa haina bashangazi.

Joyeuse ni mutoto yetu ya mwisho. Ana miaka miwili mu ndoa na Muyisa, kijana mwenye kununua muchele na mafuta ya mawese kule Manguredjipa. Miaka miwili, hakuna mimba. Bashangazi ya Muyisa balikuwa bameisha kuanza kunongona. Joyeuse aliambia mama yake, miye hapana, juu anajua niko na mudomo.

Mwezi wa sita akaanza homa. Balimupeleka Beni, bakapima, ikawa ni Ebola. Asubui yake Muyisa akanipigia simu, sauti imekauka. Yeye mwenyewe balikuwa bamemuweka pembeni, banamuchunga kama homa itamushika.

«Papa, anakataa dawa. Alisoma karatasi, akairudisha. Hasemi sababu.»

Tulichukua taksi, Berthe na miye. Tukatoka Butembo mpaka Beni.

Kule centre ya Ebola, bagonjwa balikuwa mu bichumba bya plastiki yenye kuonekana ndani. Unasimama inje, unasema naye, mais hamugusane. Infirmière mukubwa mwenye kuchunga bagonjwa, Mama Godelive, alitupokea kwa mulango. Alisema mwenye kuanza dawa mapema anaponaka mara mingi, na kila saa yenye kupita ni hasara.

«Na si yeye tu,» akaongeza. «Bamama babili bengine balikataa hivi hivi. Tunabauliza, banageuza uso. Moja alikufa siku ya posho, jumamosi.»

Nilisikia, sikuelewa bado.

Joyeuse alikuwa amelala, macho mekundu, midomo imepasuka. Alipotuona alijikaza akakaa. Karatasi ilikuwa juu ya magoti yake.

«Papa, ni weye uliandika hii?»

«Nani alikuambia?»

«Hakuna. Hakuna mutu mwingine Butembo muzima anawekaka virgule, ile alama ya kupumuzikia, mingi hivi.»

Nilitaka kucheka. Hata mu ule ugonjwa mutoto alikuwa ananichokoza, na roho yangu ikatulia kidogo. «Ndiyo, mama,» nikasema. «Ni miye.»

«Basi niambie. Itafunga nini?»

Berthe akageuka akaniangalia.  Ningependa zaidi anitukane.

Nikaanza kueleza namna ya mwalimu: ya kwanza, mwili ya mutu, ya pili, kirusi. Joyeuse akainua mukono.

«Papa, nimechoka. Bashangazi ya Muyisa banasema nilifungwa. Miaka miwili nasikia ile neno, na ninaivumilia. Sasa papa yangu mwenyewe ameandika ya kwamba dawa itanifunga. Nipone, nirudi kwa bwana yangu nimefungwa mara mbili? Afazali hivi.»

Hakulia. Alisema vile mutu anasema bei ya chumvi, na ile ndiyo iliniumiza.  Nikakumbuka na ule mama wa siku ya posho, nikaelewa sasa juu ya nini alikuwa anageuza uso. Sijue kama ni neno yangu ilimuua. Hakuna mutu ataniambia, na sitaacha kujiuliza.

«Nilikosea,» nikasema.

Joyeuse akafungua macho muzuri. Miaka makumi tatu na mbili mu darasa, ile neno haikutokaka mu kinywa yangu.

«Nilikosea, mama. Neno ni mbaya. Si kufunga. Ni...» Nikakwama. Maneno yote yenye niko nayo, ya Biblia, ya Kinande, ya Kifaransa, hakuna hata moja ilikuya. Ndiyo nikaanza kusema bila kuchagua, juu nilikuwa naogopa atalala tena. «Unakumbuka kule Kasugho, kwa mama yangu? Ulikuwa na miaka sita. Mvua ilinyesha, muto ilijaa, na pa kupita palikuwa muti moja tu, inateleza. Nilikukamata hapa, kwa mukono. Nilikukamata nguvu mpaka ukalia. Sikukufunga, nilikukamata tu. Ngambo ingine nikakuachilia.»

Nikasikia neno mu kinywa yangu mwenyewe. Ile neno ya soko.

«Hukuniachilia,» Joyeuse akasema. «Ni miye nilikuuma kidole.»

Berthe akacheka, machozi inashuka. Ni kweli, aliniuma.

«Dawa inakamata nini?» Joyeuse akauliza.

«Kirusi. Kirusi tu. Kizazi haigusi. Na kisha, miezi ikipita, mwili yako inamaliza ile dawa yenyewe mu damu.»

«Na inakamata nguvu?»

Pale ningeweza kumudanganya, na nilikuwa na hamu ya kumudanganya. Mais nilikuwa nimeisha kumutesa na uhakika yangu. «Sijue,» nikasema. «Kirusi inabadilikaka sura. Ikibadilika sana, dawa inaweza kuteleza. Kesho, kisha weye kupata dawa, Précieux atapima damu yako aone kama iko inakamata kabisa. Na yeye hajue bado.»

Akainua karatasi. Kisha akasema: «Bon. Futa ile neno kwanza. Mbele yangu.»

Nikaomba Mama Godelive karatasi ingine kama ile, na bic ya kuandika. Nikafuta «itafunga», nikaandika juu yake «itakamata kirusi», nikaibandika kwa plastiki na vidole kumi. Joyeuse akasoma polepole, akafuta vile vile kwa yake, akatia sinyatire, akanyoosha mukono. Infirmier mwenye kuvaa combinaison ya kujikinga akamutafutia mushipa. Berthe na miye tulisimama pale mpaka chupa ikaisha.

Mbele ya kutoka niliandika karatasi zote tena, na Mama Godelive akaenda kusomea ule mama mwingine. Yeye pia akakubali.

Kesho yake, saa kumi ya magaribi, Précieux alikuya na kikaratasi mukononi. Nilisimama kwa benchi mbele afike.

«Namba ni ngapi?»

«Sifuri virgule mbili, Mwalimu.»

Nikakaa. Kichwa yangu ilijua kitu moja tu: mutoto amepata sifuri virgule mbili, kama mu mutihani. Nikafunika uso. Berthe akanishika bega.

«Mwalimu, unalia juu ya nini?» Précieux akashangaa. «Sikia. Ile namba inaonyesha dawa ngapi inaombwa ili nusu ya virusi ikamatwe. Ikiomba mingi, ni kusema inakamata legelege, inashika inaachilia. Ikiomba kidogo hivi, ni kusema ikishika haiachilie. Namba ikiwa kidogo, ndiyo nguvu. Hii ni nguvu sana. Homa yake imeanza kushuka.»

Nilimukumbatia mbele ya batu yote. Sikumbuke kama nilikumbatiaka mwanafunzi hata siku moja.

Tukakimbia kwa dirisha. Joyeuse alikuwa amelala ubavu, bado hana nguvu, mais macho ilikuwa ya mutu mwenye kuwa pale. Nikamueleza yote, mbio mbio, bila virgule.

«Ngapi?» akauliza.

«Sifuri virgule mbili.»

Akafunga macho, nikafikiri usingizi imemukamata. Kisha akasema kwa sauti kidogo: «Mwaka wa tano ya primaire nilipataka mbili kwa kumi mu hesabu. Ulinipigisha magoti mbele ya darasa nzima, miye mutoto yako, mpaka kengele. Leo nimepata chini ya ile, na unalia furaha.»

 Nilimupenda sana ile saa, kuliko vile nilijuaka kusema, na nilimuambia hivyo, wazi, Précieux akisikia. Kisha nikashuka pale kwa changarawe, inje ya plastiki, na suruali yangu ya kanisa, nikapiga magoti. Juu yake, na juu ya ule mama wa siku ya posho, mwenye sijue hata jina yake.

Berthe aliwaza ninaomba, akafunga macho. Joyeuse hakufunga yake. Aliniacha vile muda murefu, mpaka changarawe ikaanza kuniuma, kisha akasema: «Simama, Papa. Kengele imelia.»