Ubao Uliokula Sala Tatu

Feisal alipokuja kumposa binti yangu Chiku, mimi mamake nilimwambia nione kwanza kazi yake. Hakuwa mtu wa maneno machache, na kila neno lilikuwa na kompyuta ndani yake. Akaahidi kuutengenezea msikiti wetu wa Kinondo ubao wa taa, utuonyeshe sala inayofuata na saa yake.

Ukatundikwa ukutani Ramadhani hii. Tulipotoka kuswali alfajiri tukausoma: SALA INAYOFUATA: ISHA.

Muadhini wetu, Ustadh Abdurahman, aliusoma mara mbili. "Mwanangu Feisal, adhuhuri, alasiri na magharibi umetusamehe kwa idhini ya nani? Na futari je, tukale na daku?"

"Kompaila ndiyo iliyokosea, Ustadh."

"Kompaila ni nini?" Chiku akauliza, kando yangu.

"Ni mkalimani. Mimi ninaandika kwa lugha ya C, yeye anaifasiri kwa lugha ya mashine. Saa za sala nimezipanga safu moja ndani ya kumbukumbu, kila saa na kisanduku chake cha baiti nne. Basi ili kielekezi, kile kidole kinachoonyesha kisanduku, kitoke sala moja kifike ya pili, nikakiongeza nne."

"Naye akafanya nini?"

Feisal akajipangusa uso. "Ukubwa wa kisanduku anaujua tayari. Ukimwambia ongeza moja, anazidisha kwa nne mwenyewe, anasogea kisanduku kizima. Ukimwambia nne, anaruka visanduku vinne."

Ustadh akahesabu kwa vidole, kutoka alfajiri. "Cha nne baada yake ni isha. Hajakosea huyo."

"Lakini alipaswa kujua nilichokusudia."

"Ulichokusudia hukukiandika," Chiku akasema.

"Kompaila ya maana ingenionya."

Akafungua kompyuta yake, akafuta nne, akaandika moja. Ubao ukasema ADHUHURI, na watu wakaanza kutawanyika. Feisal akanijia anatabasamu, kola kaiweka sawa.

"Mama, kazi umeiona. Ni kosa dogo tu la kompaila. Sasa jibu langu?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mkalimani wako amekufuata neno kwa neno, nawe umemsingizia mbele ya msikiti mzima. Chiku hatakufuata neno kwa neno. Yeye utakwenda kumsema wapi, stejini kwa matatu, Ukunda?"

Akamgeukia Chiku, labda atamtetea. Chiku alikwisha kuvaa ndala zake, ameshika njia ya nyumbani.