Kamba ya Kibanda cha Nyama

"Mimi upepo hauniwezi," Billa alimwambia shemeji yake. "Ila ule wa mwaka jana tu. Ule ulinivua sketi mbele ya kasisi."

Hanus hakucheka. Ilikuwa siku ya pili wamefungiwa jikoni, yeye na mjane wa kaka yake, dhoruba ya Desemba imeuegemea mlango kama fahali. Mawe ya ufukweni yalitua juu ya paa. Chumvi ya bahari ilikuwa imelipaka dirisha jeupe, kikabaki kijitundu cha kuchungulia. Ambaye angetoka angetambaa, na aliyetambaa angeokotwa kisiwa cha pili.

Nyumba haikumtia Billa wasiwasi. Roho yake ilikuwa kule ukingoni mwa bahari, kwenye kibanda cha mbao chenye mianya ya kupitisha upepo ukaushe nyama. Mapaja kumi na mawili ya kondoo yalining'inia humo tangu Oktoba, yakimngoja bintiye Rannvá aje kuolewa. Bila nyama ile, kisiwa kizima cha Svínoy kingekula viazi na aibu ya mama mtu. Jana, upepo ulipoanza, alimpa Hanus kamba mpya akakifunge kibanda.

"Shemeji, umekifunga kweli?"

"Nikwambie mara ngapi? Mizunguko miwili, hadi kwenye mwamba!"

"Haya. Ondoka juu ya sanduku hilo nichukue unga."

"Mgongo unaniuma."

"Tangu jana hubanduki hapo, hata usingizi umeulala hapo hapo. Unaatamia mayai?"

Kabla hajajibu, nje kulilia kraaa! Ubao ukapita mbele ya dirisha, ukafuatwa na mwingine.

"Za jirani hizo," Hanus akasema upesi.

Kisha paja la kondoo likagonga kioo, pale penye kijitundu, pu! Kwenye mfupa lilikuwa na uzi mwekundu, ule aliofunga Billa kwa mkono wake.

Hanus akaruka hadi dirishani. "Kamba imekatika! Kamba za siku hizi, shemeji, ni takataka tupu!"

Nyuma yake, kifuniko cha sanduku kililia. Billa alikuwa ameshika kamba, nzima, imejikunja vizuri, na karatasi ya dukani bado imeizunguka. Unga ulimdondoka vidoleni.

"Kumbe imekatika," akasema polepole, "halafu ikajiunga, ikavaa karatasi yake, ikaja kulala kwenye unga wangu?"

Hanus aliutazama mlango. Upepo ulikuwa bado umeuegemea.