Jina Lililosomwa Mara Mbili

Zamani zile, ukitaka habari ya Kisauni hukuwa na haja ya kwenda sokoni. Ulipita barazani kwa Margaret, ukanunua kitumbua, ukaketi. Margaret ndiye mimi. Nilikuwa mjane, nakaanga vitumbua mbele ya nyumba ya Bi Mwanarusi, na kila aliyekuja kununua aliniachia senti zake na neno. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Ukikohoa chumba cha mwisho, cha kwanza wanakupa pole. Nilipenda hivyo. Nyumba tupu mimi huniumiza kichwa.

Chumba kilichoelekeana na changu alikaa Kafedha na mumewe Tsuma, kibarua wa bandarini. Tsuma alibatizwa tangu utoto, lakini alimwoa Kafedha kwa mila, kwa mbuzi na tembo la mnazi, na mke mwenyewe hajabatizwa. Kwa hiyo kanisani walikuwa wamemkalisha nyuma. Siku ya Meza ya Bwana wenzake wakipiga magoti mbele, yeye anaangalia kofia yake. Kafedha akibatizwa, ndoa ingebarikiwa siku hiyo hiyo, na wote wawili wangeikaribia Meza. Hilo ndilo walilokuwa wakilingoja, mwaka wa tatu sasa.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Hakujua kusoma, basi akawa anashika kwa kichwa, yeye juu ya mbuzi ya kukunia akikuna nazi zangu, mimi nakoroga unga.

"Namwamini Mungu Baba Mwenyezi," namwambia.

"Namwamini Mungu Baba Mwenyezi. Dada Margaret, hii nazi imeoza."

"Tupa. Mwumba mbingu na nchi."

Alikuwa na kichwa chepesi huyo mtoto wa kike. Alishonesha na gauni la kitambaa cha marekani, jeupe, lenye lesi shingoni, akalitundika ukutani limngoje.

Kanisani kwetu kulikuwa na desturi. Kabla ya Pentekoste, majina ya wanaotaka kubatizwa yalisomwa Jumapili tatu mfululizo. Mwalimu Baya, katekista wetu, akimaliza kusoma huinua macho juu ya miwani na kusema, "Mwenye kujua kizuizi aseme." Halafu kimya, mtu anakohoa, tunaimba. Tangu nilipoanza kuingia kanisa lile sikusikia mtu akisema kitu. Jina likishasomwa mara ya tatu, limepita.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na nane, la Kafedha lilisomwa Jumapili ya kwanza, likasomwa na ya pili.

Jumatatu yake mtoto wao Ngumbao akaanguka homa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, tena wa tatu huyo. Wawili wa kwanza walikwisha rudi udongoni huko bara kwao. Kafedha alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati na mvua ile ya masika, akapewa vidonge. Mtoto akavitapika. Akapewa tena, akatapika tena. Alasiri mwili ukaanza kumkakamaa, macho yamegeuka, na Tsuma yuko bandarini, hajui lolote.

Ndipo Bi Mwanarusi akatoka chumbani kwake na sahani. Mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa Mvita wa asili, mwenye heshima zake, hakuwahi hata siku moja kutuambia tuache kanisa letu. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alimwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ya kuoshwa kwa marashi, na maji yale mgonjwa anyweshwe. Hilo ndilo kombe. Sahani yenyewe ilikuwa na ua la buluu na imemeguka pembeni. Naijua sahani ile.

"Ndoo hapa, mwanangu, mpe," akamwambia Kafedha. "Hayana uchawi haya. Ni maneno ya Mungu, na Mungu ni mmoja. Mtoto yuwawaka mwili kama jiko."

Kafedha akamtazama mtoto, akalitazama na gauni lile ukutani. Kisha akampa. Akamnywesha kwa kijiko, huku akisema Baba Yetu, ile niliyomfundisha mimi. Asubuhi Ngumbao alikuwa anataka uji. Kama ni vidonge, kama ni sahani, kama ni Baba Yetu, mimi sijui. Mungu anajua, na wala hajaniambia.

Haya yote sikuyaona kwa macho. Aliniambia mwenyewe Jumanne, ameinama juu ya mbuzi ya nazi, anakuna nazi iliyokwisha kwisha.

"Dada, nimekosa?"

"Mtoto yuhai?"

"Yuhai."

"Basi nyamaza. Kwangu limeingia kaburini."

Nilisema hivyo. Wallahi nilisema, na nilipokuwa nasema nilikuwa namaanisha.

Jumatano ilikuwa siku ya kina mama kuomba. Tulikaa duara, kila mtu analeta haja yake tumwombee. Mmoja mguu, mguu ule ule wa tangu Krismasi. Mwingine mume mlevi, naye tulikuwa tumekwisha mwombea mpaka tukamzoea. Zamu ikanifikia. Nilikuwa na haja ya paa la banda langu, linavuja. Lakini paa, jamani! Paa utalisemaje watu wakakugeukia? Na hapa kifuani nilikuwa na kitu kizito, cha moto, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Nikashusha sauti. "Dada zangu, hili ni la kuombea tu, lisitoke hapa. Tumkumbuke dada yetu Kafedha. Amejaribiwa. Mtoto aliugua, akashindwa, akampa kombe."

Loo! Duara zima lilivuta pumzi. Nakuambia kweli, nilisikia raha. Siifichi. Tukamwombea Kafedha kwa machozi, mimi nikilia kuliko wote, na nilipotoka pale nilijiona nimefanya kazi ya Mungu.

Ijumaa mke wa Mwalimu Baya alipita barazani kwangu, na hakununua kitumbua. Mafuta yalikuwa yanachemka, nami nikajua neno la Jumatano limemfikia mumewe.

Jumapili Kafedha alikaa mbele yangu, mtoto mapajani, Tsuma kule nyuma kavaa suruali yake ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama. Mwalimu Baya alisoma majina. Akafika pale pa Kafedha, akaliruka. Akasoma mengine mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Kafedha mke wa Tsuma, simama."

Akasimama.

"Nimeambiwa ulimpa mtoto kombe. Ni kweli?"

Angeweza kukana. Nani angemshtaki, Bi Mwanarusi? Lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Unajuta?"

Mtoto alikuwa anavuta kitambaa chake. "Sijui nijute nini, Mwalimu. Nilimwita Yesu, nikampa na maji yale. Mtoto yuhai. Nikisema najuta, nitakuwa nasema angekufa?"

"Nani kasema angekufa? Nasema imani yako iko wapi?"

"Ilikuwa hapo hapo, Mwalimu. Na mimi nilikuwa naogopa."

Mwalimu Baya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa na yeye, naona leo. Kasisi mzungu alikuwa anakuja Pentekoste, na daftari lazima liwe safi. Akasema Kafedha arudi darasani mwaka mwingine, na Tsuma abaki nyuma alikokuwa.

"Nani kakuambia, Mwalimu?" Kafedha akauliza, taratibu tu.

"Dada zako waliokuombea."

Akageuka. Hakuwatazama dada wote, alinitazama mimi.

Sasa hapa sikilizeni, maana hili ndilo ninaloandikia. Mimi nilikuwa Margaret. Nilizijua habari za kila mwanamke katika mabenchi yale. Nilijua nani amefunga hirizi kiunoni chini ya gauni la kanisani. Nilijua nani alipeleka kuku mweusi kwa mganga wa Bofu, ng'ambo ya feri, ili mumewe asioe. Mke wa Mwalimu mwenyewe nilijua alichokizika chini ya kizingiti mwaka alipokosa mimba. Na nilijijua mimi. Mume wangu alipokuwa amelala, tumbo limejaa maji na hospitali wamemrudisha, Bi Mwanarusi alikuja na sahani yenye ua la buluu, imemeguka pembeni. Nilimnywesha siku saba. Siku ya nane akafa, nami Jumapili nikapiga magoti Mezani kwa Bwana nikanywa kikombe, na hakuna aliyejua ila mimi na Bi Mwanarusi.

Ningesimama tu. Ningesema, "Mwalimu, na mimi." Neno moja. Wangesimama na wengine, naamini. Mmoja akianza, wanawake husimama. Mimi ambaye sijawahi kumaliza kitumbua bila kusema, siku hiyo nilikodolea macho kitabu cha nyimbo, tena kimepinduka juu chini.

Kafedha akaketi. Tukaimba.

Jioni Bi Mwanarusi alinikuta uani. Hakukaa.

"Margaret. Sahani ni yangu mimi. Mbona hamkuniita niulizwe?"

"Bi Mwanarusi, mambo ya kanisa..."

"Nami si wa kanisa, najua. Miaka mitatu nimekufichia yako, sikumwambia hata paka. Ulimi wako wote huo, mwanangu, leo ulikuwa wapi?"

Yeye akaenda kutawadha.

Tsuma hakumpiga mkewe, hilo nalisema kwa haki yake. Aliacha tu kwenda kanisani. Jumapili akawa anakaa penye tembo, na ile suruali ya kaki akawa anaendea kazini. Gauni jeupe nililiona wiki chache baadaye juu ya kamba uani, limekatwa vipande vinne, vya kumfungia mtoto nepi. Lesi ilikuwa bado imo kwenye kimoja.

Kabla mwezi haujaisha walihamia Mtopanga. Aliaga vyumba vyote. Kwangu alikuja wa mwisho, ameshika kitabu changu kidogo cha maswali na majibu ya ubatizo, nilichomfundishia.

"Hiki chako, dada."

"Kaa nacho, Kafedha. Mwaka ujao..."

"Kimo kichwani chote. Sikihitaji."

Baada ya hapo sikufukuzwa na mtu. Hilo ndilo baya lake. Watu walinunua vitumbua kama kawaida. "Shikamoo, Bi Margaret." "Marahaba." "Mvua imezidi, ee?" "Imezidi." Wanafunga vitumbua, wanakwenda. Nikiingia uani mazungumzo yanageuka kuwa ya bei ya sukari. Nyumba ile ile, imejaa watu vile vile, na mimi ndani yake kama nakaa peke yangu. Nilikwenda kwa Mwalimu Baya baadaye, nikamwambia yangu yote, ya mume na sahani. Alinitazama sana. "Limepita, dada Margaret," akasema. "Tusifukue." Yangu yalipita. Ya Kafedha ndiyo hayakupita.

Mwaka wa uhuru, watu wanashona nguo za bendera, mimi nililala na mguu uliovimba ukatoa kidonda, sina hata wa kunitilia mkaa. Kina mama wa kanisa walikuja, Mungu awalipe. Wakanizunguka wakaomba kwa sauti, na katika kuomba wakamweleza Mungu kila kitu: harufu ya kidonda, chumba nisichokifagia, ndugu zangu wasiokuja. Dirisha lilikuwa wazi na barazani watu wamejaa. Nikafunika uso kwa kanga. Ndivyo inavyosikika, kumbe, ukiwa wewe ndiye haja.

Walipokwisha kwenda, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Kafedha, na nyuma yake mvulana wa miaka saba, miguu mirefu, amebeba madafu mawili. Ngumbao.

Hakuuliza habari. Alichemsha maji, akaniosha mguu, akafunga kwa kitambaa safi. Akafagia. Akanipikia uji wa mchele akanishikia bakuli. Alikuja hivyo siku tisa, kwa miguu kutoka Mtopanga, na jirani wakimwuliza mgonjwa vipi anawajibu, "Anaendelea," basi.

Siku ya tisa nikasema, "Kafedha, nisamehe."

"Kunywa uji, dada."

"Mwalimu Baya amestaafu. Huyu wa sasa ni kijana, hana maneno. Nikisema naye, hata Pasaka hii..."

Aliweka bakuli chini. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Dada, jina langu lilisomwa mara mbili. Ile ya tatu mlibaki nayo wenyewe. Mimi nimechoka kusomwa."

"Lakini huombi tena?"

"Naomba kila siku. Wewe nakuombea tangu mwaka ule."

"Basi niombee sasa, nisikie."

Akatikisa kichwa, akamwita mtoto, akajifunga leso yake.

"Husikii, dada. Wangu huwa nawaombea kimya."

Mguu ulipona. Jumatano bado nakwenda, na zamu ikifika kwangu nasema nina haja, sisemi ya nani. Wapo wanaoudhika. Nawe, ndugu usomaye, ukiletewa shida ya mtu, mpelekee maji ya moto. Jina lake mtajie Mungu mlango ukiwa umefungwa. Na siku atakaposimamishwa peke yake kwa jambo ambalo hata wewe umelifanya, simama. Mimi nilikaa, na benchi nililokalia ndilo ninalolikalia mpaka leo. Nafasi ya mbele yangu haijapata mtu.