Salamu za Machi Nane

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe nane Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika ukumbi wa michezo wa mji wa Haskovo. Mwenyekiti wa klabu aliwaagiza wasichana wake wa kunyanyua vyuma watoe salamu za Sikukuu ya Wanawake kwa simu, moja kwa moja mtandaoni, kutoka chumba cha kupashia misuli moto.

Stamen, mchochea tanuri wa klabu, alisimama mlangoni na koti la binti yake mkononi. Tangu mkewe afe, alibakiwa na Ralitsa tu. Siku hiyo Ralitsa akifanya vizuri mashindanoni, anaingia timu ya taifa. Akivuruga, kiwanda cha soksi kinamngoja.

Salamu zenyewe zilikuwa za dakika mbili. Kilichofuata ndicho kilichoharibu mambo. Binti aliketi, shingo imelegea kama ya kuku aliyechinjwa, kidole kikipekua maneno ya watu asiowajua: huyu kasifu mapaja, yule kamwita ndama. Alitakiwa anyanyue mara saba kabla ya kuitwa. Alinyanyua mara mbili. Kocha Zdravko na daktari wa klabu waliona, wakamwacha. Simu zilikuwa amri ya mwenyekiti, aliyekuwapo mle mle, na amri ya mwenyekiti haijadiliwi.

"Weka hicho kidude, mama," Stamen alimwambia.

"Baba, nasoma kidogo tu. Usinitie aibu mbele za watu."

Akaitwa. Kilo themanini na nane, uzito aliouchezea kila Jumanne. Mara ya kwanza chuma kikamponyoka nyuma. Ya pili, mbele. Ya tatu hakikupita hata magoti. Na mtu hapewi ya nne.

Stamen alimkuta nyuma ya pazia, viganja vingali vyeupe kwa unga wa chaki, ameshainamia tena simu, anajitazama mtandaoni akiangusha chuma. Mwenyekiti, midomo imelowa mafuta ya soseji, alikuwa akimpapasa bega kwa furaha, akisema watu elfu arobaini wameshatazama, tena bado asubuhi.

Stamen hakumaliza darasa la nane, na wenye vyeti hakuwa na mazoea ya kuwauliza kitu. Siku hiyo aliuliza.

"Bwana mwenyekiti, wakubwa tulikuwa wanne mle ndani: wewe, kocha, daktari na mimi mla masizi. Ilikuwa kazi ya nani kumnyang'anya simu?"

Daktari akaanza kufunga mkoba wake. Kocha akatazama viatu. Mwenyekiti akatoa simu yake mfukoni.

"Nauliza tena. Kazi ya nani?"