Ushuhuda wa Jemadari Mwinyikondo

Toleo la Pili la Milki Saba lilikuwa halijafika Bagamoyo, na tayari watu walikuwa wameshalichukia. Hawakuwa wamelisoma. Walikuwa wameona picha ya jalada tu, ikizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji, na katika picha hiyo moja kila mtu akapata la kusema. Mmoja wa Vigwaza alisema majini wa safari hii wamelegezwa, hawamtishi hata mtoto mchanga. Mwingine alilia kwamba wapagazi wamepunguziwa nguvu, yeye ambaye tangu aanze kucheza hajawahi kukubali kuwa mpagazi. Jamaa wa Chalinze aliandika waraka mrefu wa kuuaga mchezo, akatoka kundini kwa kishindo, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemwomba rafiki yake amrudishe, apate kuona watu walisema nini alipoondoka.

Kwa asiyeujua, Milki Saba si mchezo wa kwenye simu. Watu hukaa mezani na dadu zao. Mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja hubeba mhusika wake wa kubuni, na kwa maneno matupu wanavuka mito, wanapigana na mazimwi, wanaangusha falme. Mhusika hupanda daraja kadiri safari zinavyokwenda. Mtu akimcheza mhusika mmoja kwa miaka, humpenda kama nduguye, na wengine huwapenda kuliko ndugu zao.

Husseni alikuwa miongoni mwa hao wengine. Aliuza vigae na koki pale Magomeni ya Bagamoyo, na mhusika wake alikuwa Jemadari Mwinyikondo, muuaji wa Joka la Mkange, mwenye daraja la juu kabisa ambalo mtu yeyote wa pwani hii alikuwa amelifikia. Duka lenyewe aliliita Jemadari. Vijana wa bodaboda walimwita Jemadari bila kujua vita ni vipi, naye aliitika kwa kuinua kidole kimoja tu, kama mtu mwenye mengi. Huyu ni mtu aliyewahi kugombea uenyekiti wa mtaa, na hata ndani ya nyumba yake mwenyewe kura hazikutimia. Mwinyikondo hakuwahi kushindwa.

Isitoshe, Husseni alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alizijua sheria zote, na safari zote, na nani alitupa dadu gani wapi. Ukikosea jina la kijito, alikusahihisha. Ukikosea huku uko msibani, alikungoja mlangoni akusahihishe ukitoka.

Kilichomkera katika Toleo la Pili ni sheria moja, ambayo mtu aliipiga picha akaitupa kundini. Ilisema hivi: mhusika wa zamani ataingia na daraja lake endapo mwenzake mmoja mezani atamshuhudia, kwa kutaja jambo alilolitenda kwa ajili ya mwenzake, wapi alilitenda, na lilimgharimu nini. Asiyeshuhudiwa ataanza daraja la kwanza, la chini kabisa.

Husseni alituma ujumbe wa sauti mrefu hata watu waliusikiliza huku wakipika. Ushujaa haupigiwi kura, alisema. Hii ni sheria ya umbea, imetungwa na watu wasiojua kushika upanga. Akatangaza mgomo, akapata madole gumba kwa wingi, mengi yakitoka kwa watu ambao hawakumaliza kusikiliza. Ukweli ni kwamba aliogopa. Dukani, mteja akiwa amesimama anasubiri koki yake, Husseni alijaribu kulikumbuka tendo moja la Mwinyikondo kwa ajili ya mwenzake. Akakumbuka matendo mengi, makubwa, ya kupigiwa vigelegele, na yote Mwinyikondo alikuwa amemtendea Mwinyikondo. Akajituliza kwamba wenzake ni watu wa adabu, hawawezi kumwangusha.

Jumapili baada ya Alasiri walikutana kwa Arafa, kule Nianjema. Arafa alifundisha jiografia sekondari, na ndiye aliyekuwa msimulizi wao. Shuaibu, dereva wa lori, alikuwa amekileta kitabu kutoka Dar kikiwa kimefungwa kwenye kanga ya mkewe kisichafuke. Dija alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali, bado amevaa viatu vyake vya unesi. Husseni alifika wa mwisho.

"Karibu, Jemadari," alisema Shuaibu. "Tulisikia umegoma."

"Nimegoma. Nimekuja muone upuuzi wenyewe kwa macho yenu," alisema Husseni, akavuta kiti chenye mto.

Arafa alikuwa na hamu ya kuanza, na watu wenye hamu hawana subira na migomo. "Basi tuijaribu sheria yao, tuione," alisema. "Wewe ndiye mwenye kumbukumbu, kaka Husseni. Anza na Dija."

Hilo lilimpendeza. Kama kulikuwa na kazi aliyoiweza, ni kukumbuka mbele za watu. Mhusika wa Dija alikuwa Siwema, mganga wa mitishamba. Husseni akakaa vizuri.

"Homa ya Saadani," alianza. "Mimi nilikuwa nimelala, nimekwisha. Siwema alikuwa na dawa ya mtu mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kutetemeka. Akaninywesha mimi. Dadu yake ikaangukia moja, akapofuka jicho la kushoto, na mpaka leo anatembea na jicho moja."

"Anapita," alisema Arafa, akaandika.

"Sasa Kigulu, mpagazi wake Shuaibu. Ni mto Wami, maji yamejaa. Nilikataa kuliacha sanduku langu la ngao. Kigulu akanibeba mimi mgongoni na sanduku kichwani. Mamba akampata mguu, akapoteza vidole vitatu, na hakuniangusha. Hata viatu vyangu havikulowa."

Alilisimulia vizuri mno, mpaka Shuaibu mwenyewe akautazama mguu wake chini ya meza. Husseni hakuishia hapo. Akaongeza njaa ya Miono, Siwema alipompa mkate wake. Akaongeza usiku Kigulu alipolinda peke yake ili Jemadari alale. Hakusahau hata kimoja. Hakusikia, katika utamu wa kusema, kwamba kila ushahidi ulikuwa na mtu yuleyule aliyebebwa, aliyelishwa na aliyelala.

"Wote wamepita," alisema Arafa. "Sasa Mwinyikondo. Mnamshuhudia vipi?"

"Mtu mwema," alisema Dija papo hapo.

"Mtu mwema," alisema Shuaibu.

Yalitoka yenyewe. Ndivyo tulivyolelewa pwani. Sala ya jeneza ikimalizika, shehe akiuliza marehemu mnamshuhudia vipi, umma mzima huitikia kwamba ni mtu mwema, hata kama marehemu aliwahi kuhamisha mpaka wa shamba la kila mmoja aliyesimama pale. Ni adabu nzuri na haimgharimu mtu kitu. Husseni alikuwa ameitegemea adabu hiyo wiki nzima, na sasa akaegemea kiti akapumua.

"Hatuko makaburini," alisema Arafa. "Kitabu kinataka tendo. Alitenda nini, wapi, na kilimgharimu nini?"

Dija akavua kiatu kimoja akakivaa tena. Shuaibu akakichukua kitabu akaanza kutazama picha.

"Joka la Mkange," Husseni aliwasaidia.

"Uliliua, hatukatai," alisema Shuaibu taratibu. "Sisi ulituacha nje ya pango. Taji ukalivaa wewe."

"Ngome Nyeusi, basi."

"Ngome Nyeusi ulitutanguliza sisi, kaka," alisema Dija. "Kuangalia kama kuna mitego."

"Na ilikuwepo," alisema Shuaibu.

Hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lilikuwa baya. Wangemcheka angejua la kujibu. Badala yake walikuwa wanatafuta kweli, wamekunja nyuso, kama watu waliotumwa kutafuta kitu chumbani na kitu chenyewe hakimo. Husseni alihisi masikio yanamwaka moto. Alimwona Mwinyikondo akivuliwa taji mbele ya macho yake, na duka lake likiwa na jina la mtu wa daraja la kwanza.

Dija akamtazama. Kazi yake ilimzoesha kutazama nyuso za watu wanaosubiri majibu, na alijua kumpa mtu neno la kumfikisha nyumbani.

"Nimekumbuka," alisema. "Pale Wami. Mashua ilipinduka, Siwema anazama. Jemadari akaruka majini na mavazi yake yote ya vita, akanivuta mpaka ukingoni. Ule upanga wake wa fedha ndio ulipotelea hapo."

Shuaibu akainua uso, akaelewa. "Naam," alisema. "Naliona kama jana. Maji yalikuwa mekundu kwa tope."

Arafa aliwatazama wote wawili. Alijua, kwani yeye ndiye aliyewasimulia safari hiyo. Lakini naye alikuwa mtu wa Bagamoyo, akashusha kalamu kwenye karatasi aandike. Kilichotakiwa ni Husseni anyamaze tu, kwa muda wa kuandika mstari mmoja.

"Si Wami," alisema Husseni. "Ilikuwa Ruvu. Tulipovuka Wami, Dija, ulikuwa hujajiunga nasi. Na aliyekutoa majini ni Kigulu. Mimi nilikuwa nimeshafika ng'ambo, naanika mavazi. Na upanga haukupotea, niliuuza kwa Sultani wa Winde."

Maneno yalikuwa yameshatoka alipoyasikia. Yalikuwa sahihi yote, hapakuwa na la kurekebisha.

Arafa akainua kalamu. Hakuandika. Akachukua karatasi mpya ya mhusika, nyeupe, akaisogeza mbele ya Husseni.

"Ungenyamaza tu, kaka," alisema Dija.

"Najua."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua," alisema Husseni, na akaona aibu, aibu ya kweli, isiyohusu jalada wala majini wala wapagazi. Simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni. Kundi zima lilikuwa linamsubiri Jemadari aseme mgomo unaendeleaje. Aliiacha itetemeke. Akaipekua kumbukumbu yake yote, mto kwa mto na ngome kwa ngome, akitafuta siku moja aliyomfanyia Dija au Shuaibu jambo. Kumbukumbu ikamletea kila kitu isipokuwa hicho. Basi akachukua kalamu, akaandika juu ya ile karatasi: daraja la kwanza. Moyoni akasema safari hii atakuwa mtu mwingine, na alimaanisha kabisa.

Mama yake Arafa, Bi Mina, akatoka ndani na sahani ya kachori za moto. "Zimebaki nne tu, wanangu, mtagawana," alisema, akaitua mbele ya Husseni kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa.

Husseni akamshukuru kwa adabu zote, akachukua mbili, akaendelea kuifikiria karatasi yake. Ya pili ilikuwa imeshaingia nusu mdomoni alipoona wenzake wanaitazama sahani. Zilibaki kachori mbili, na watu watatu hawajala. Arafa akachukua moja. Dija akaichukua iliyobaki, akaikata katikati, akampa Shuaibu kipande kikubwa.