Alama za Penseli

Kanisani walimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, naye alijifanya hajui. Miaka kumi na miwili alikuwa msomaji wa somo. Kila Jumamosi alikaa na penseli akiweka alama pa kupumua, pa kupandisha, pa kushusha. Maneno yenyewe yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kusikiliza ni kazi ya waliokaa, bwana!

Jumapili ile somo lilihusu mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba nduguye ana kinyongo naye. Kinanda alisoma vizuri mpaka alama ya kwanza. Akapumua, akainua macho, yakagongana na ya wifi yake, benchi la tatu.

Akayarudisha macho kitabuni haraka.

Hospitalini yeye na wifi walifanya kazi chumba kimoja, kuchemsha vifaa vya upasuaji. Wiki iliyopita boksi moja lilifika kwa daktari halijachemshwa. Daktari aligundua mapema, mgonjwa akanusurika. Aliyelipeleka ni Kinanda, kwa haraka zake, lakini zamu ilikuwa ya wifi, na kesho wifi angefukuzwa kazi na metroni, mkuu wao. Kinanda alikuwa ameuchuna. Naye mwenyewe alikuwa na watoto wanne na hana mume.

Mstari uliofuata ulimwamuru mtu yule aiache sadaka palepale, aende kupatana kwanza. Angeweza kuusoma tu, kama siku zote, akakae. Aliogopa kufukuzwa, aliogopa watoto kulala njaa, lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba sauti ingetoka nzuri vilevile.

Akaacha kitabu wazi, akashuka. Mzee wa kanisa alidhani amebanwa na haja, akamwonyesha mlango wa choo.

"Wifi," akanong'ona alipofika benchi la tatu, "lile boksi nilipeleka mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini mimi amwache Kinanda?" Wifi hakumtazama. "Metroni yuko kule nyuma. Mwambie yeye. Kwa sauti ileile ya kusomea."

Kinanda akageuka. Kanisa zima lilikuwa kimya, na metroni alikuwa ameshavua miwani. Hapa hakuna aliyemwekea alama pa kupumua.

"Metroni," akaanza, na sauti ikatoka mbaya, ya kukwaruza, mpaka watoto wa mbele wakacheka. Akaendelea.