Meza ya Dirishani

Mama Povu alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye sinki, akikwangua sufuria la mchuzi wa nyanya, meneja alipochungulia jikoni na kumwambia avue aproni. Kibarua akiitwa katikati ya kazi, mara nyingi harudi tena. Kumbe safari hii alitakiwa akakae mezani.

Mgahawa ule wa Kitaliano ulikuwa wa vitambaa vyeupe na glasi nyembamba ambazo Mama Povu alizishika kama vifaranga. Lakini tangu bei zipande wateja walikuwa wamepungua, na mchana huo alikuwa anakuja tajiri mmoja aliyetaka kuununua. Meneja hakutaka akute meza tupu. Basi waosha vyombo, wafagiaji na mlinzi wa getini waazime nguo za heshima, wakae, wajifanye wanakula. Chakula chenyewe kisiguswe, kwa sababu sahani hizo hizo zingerudi jikoni zipashwe moto kwa wateja wa kweli. Atakayetulia vizuri, alisema meneja, biashara ikiuzwa ataajiriwa rasmi.

Mama Povu alianza kibarua pale kitinda mimba wake akiwa bado ananyonya, na sasa mtoto huyo anakwenda shule. Kuajiriwa rasmi kulikuwa na maana moja kwake: siku ukiugua, kesho yake hukuti mtu mwingine kwenye sinki lako.

Alivaa gauni la keshia, likambana makwapani. Akawekwa meza ya dirishani pamoja na mlinzi, mzee mpole aliyekuwa ndani ya koti lenye mabega mapana kuliko yake. Mhudumu kijana akamvutia kiti, akamtandikia kitambaa mapajani polepole, bila kucheka, kama amfanyiavyo mgeni yeyote. "Karibu, mama," alisema, na Mama Povu akalazimika kutazama nje, macho yasije yakamwaga machozi.

Tambi zikaja zinafuka moshi, zimenyunyiziwa jibini. Yeye alikuwa ametoka nyumbani na chai ya rangi tu tumboni.

"Mke wangu akipita hapo nje," alinong'ona mlinzi, "leo nalala kibarazani."

"Shika uma, mzee wangu. Unaushika kama rungu."

Wakazungusha tambi, wakazinyanyua, wakazirudisha. Tajiri alikuwa amefika, lakini alisimama mlangoni akiongea na simu, akienda huku akirudi kule. Miguu ya Mama Povu haikutulia chini ya meza. Kila mlango wa jikoni ulipofunguka aligeuka. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akanywa maji, akajiuliza kama maji nayo yalikuwa ya maonyesho.

Hatimaye tajiri akawafikia, meneja akiwa nyuma yake. Alikuwa mtu wa adabu. Aliomba radhi kwa kuwakatiza, akauliza chakula kikoje.

"Kizuri," alisema Mama Povu, macho kwenye sahani.

"Kitakuwa kizuri zaidi, mama. Nikishachukua hapa, wa jikoni na wa getini nawatoa kazini wote. Nina watu wangu tayari. Nilishakubaliana na meneja."

Mlinzi akaweka uma chini. Mama Povu alimtazama meneja, naye meneja akaanza kuzikagua taa za darini.

Mikono ya Mama Povu, iliyochunwa na sabuni, ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe. Kisha akaviringisha tambi, fundo kubwa, akalitia mdomoni. Akatafuna bila haraka. Akaviringisha tena.

"Kula, mzee wangu," alimwambia mlinzi. "Zinapoa."

Mzee akamtazama, akautazama uma, akala.

Meneja alitoa macho, akakohoa, akakohoa tena. Tajiri alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu, amefurahi kuona watu wanakula kwa hamu. Mama Povu akafuta midomo na kuinua mkono, na yule kijana akaja mbio na kuinama kidogo.

"Mwanangu, huyu baba mwongezee, na jibini usimbanie. Mimi niletee kitu kitamu, chochote kile mnachowapa wageni mwishoni."

"Sawa, mama," alisema kijana. Akampita meneja bila kumtazama, akaenda kuleta.